Mbele ya kukata tishati za zamani ufanye bulangeti, soma hii kwanza

Karibu kila nyumba hapa Lubumbashi iko na ule mufuko chini ya kitanda: tishati ya jubile ya korali, tishati za kampanye ya 2011 na 2018 na 2023 zenye sura za bantu hata hawakupita, ile ya promosyo ya sekondere yenye majina ya bote ku mugongo, mayo ya Mazembe, timu yetu ya mupira, yenye inabana tumbo sasa, na ya matanga ya tantine yenye foto yake. Hakuna mwenye anazivaa, hakuna mwenye anakubali zitupwe, kiisha siku moja unakuta mutoto anapangusa nazo simenti. Miye nilianza kuzishona bulangeti ya ukumbusho kwetu nyumbani, bandugu bakaona, sasa bantu bananiletea mifuko na maulizo ni yale yale tu, basi acha niandike.

Kushona kwenyewe si kazi, kare na kare (vipande vya pembe nne sawa), mustari munyoofu, hata mwenye anajifunza ataweza. Kazi iko mu kitambaa. Tishati haikufumwa kama kitenge, ni nyuzi zenye kusokotana kama triko, njo maana inavutika, na ukiikata hivi hivi pembeni inajikunja, ukiipitisha mu mashini inarefuka upande moja, mwisho uko na bulangeti ya mawimbi. Dawa yake ni viselini, kile kitambaa cheupe chenye gundi upande moja, bakuturiye (mafundi ba kushona) banakiweka ku kola. Omba ile nyepesi, ile ya kola ni ngumu, utalala chini ya katoni.

Mupango ni huu, na usiubadilishe: fua tishati, kausha, kata kipande kikubwa kuzunguka ile picha, bandika viselini ku mugongo wa kitambaa, acha ipoe, KIISHA njo ukate kare yenyewe. Mwenye kukata kare kwanza halafu kubandika, kare zake hazitalingana hata moja. Kwa kupima kare tengeneza muzuri katoni ya santimeta 35 kwa 35, picha nyingi za kifua zinaingia humo. Ukiwa na tishati 20, mistari 5 ya kare 4, ukitoa santimeta 1 ya mushono kila upande unapata kama 132 kwa 165, inafunika muntu mukubwa vizuri. Tishati za batoto hazifiki 35, hizo zungushia vipande vya kitenge mpaka zilingane, na inapendeza kuliko.

Sasa mambo ya pasi, juu tunajua umeme wetu. Pasi ya makala inaweza, lakini moto wake haulingani, katikati kali, ncha baridi, na inatema majivu. Weka kitambaa cha pamba katikati, gandamiza pahali pamoja, hesabu polepole mpaka kumi, inua, sogeza. Usivute pasi kama unanyoosha shati, viselini itatembea. Na ile picha ya mbele usiiguse na pasi hata siku moja, ni rangi ya plastiki, inayeyuka.

Mayo za mupira ni hadisi yake. Ni polisteri, joto ya pamba inazikunja. Kaka yangu mukubwa aliniletea mayo yake ya 2010, ule mwaka Mazembe ilipiga Internacional ya Brazil kule Abu Dhabi ikafika finali ya klabu za dunia na Inter ya Italia, akasimama juu yangu na mikono kiunoni. Hiyo hatukuitia pasi kabisa: niliishonea na mukono juu ya kare ya pamba, pande zote, kiisha ikaingia ku mashini kama zingine. (Shemeji ni wa Lupopo, timu ingine ya hapa Lubumbashi, wapinzani ba Mazembe. Kare yake iko mbali, pembe ingine kabisa, amani ya nyumba pia ni kazi ya fundi.)

Tishati ya matanga, uliza bakubwa mbele ya kushika makasi. Kwetu mama alikataa kulala akifunikwa na sura ya marehemu, mama mudogo yeye alitaka iwe katikati kabisa. Kama hawasikilizani, ile kare ishone peke yake kama kitambaa kidogo cha kutundika ku ukuta, usilazimishe.

Kuunganisha: sindano ya ncha ya mviringo, namba 80 ama 90, ile ya ncha kali inatoboa nyuzi na tundu linakuwa kubwa kila ukifua. Mushono mrefu kidogo, na usivute kitambaa, iache mashini ikivute yenyewe. Mashini ya miguu inafanya vizuri sana hapa, inatii.

Nyuma weka kitenge, lakini kifue kwanza juu kinapunguka na kinatoa rangi. Yadi 4 zinatosha, utaunganisha vipande viwili kwa upana, na katika pese ya yadi 6 zile 2 zinabaki ni za kuzungushia pindo. Katikati mimi naweka bulangeti nyembamba ya zamani. Inatosha kwa baridi ya Juni na Julai, na mwezi wa kumi hautaokwa.

Kushikanisha zile tatu, wengi banataka mistari ya mashini juu kama banavyoona mu video. Acha. Uzito unavuta, mashini inaruka. Chukua uzi munene, funga vifundo ku kila pembe ya kare na kimoja katikati, kaza mara mbili, kata. Ni kazi ya jioni moja ama mbili na bamama bawili ku baraza wakipiga habari.

Kama utampa kuturiye, mpe kare zenye zimekwisha kukatwa na mwelewane bei ya kuunganisha tu, ukimwachia mufuko mzima atakata pale anaona yeye, na jina la promosyo litabaki nusu.

Kufua ni mayi baridi, upande wa kitenge nje, kivulini. Mikono na migongo yenye imebaki katakata ndogo ndogo ujazie mto, lakini changanya na sponji, peke yake inakuwa jiwe.