Jibu: Baraza za maduka ya zamani Kisumu

Ndugu, umeuliza kama maduka makuukuu ya Oginga Odinga Street, yale yenye baraza mbele, yalijengwa na Waingereza. Mengi yalijengwa na Wahindi. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston, na wenye maduka wakaifuata. Hadi reli ilipofika Kampala mwaka 1931, mizigo ya Uganda ilishushwa hapa na kupakiwa melini. Pesa za kujenga zilitoka kwenye biashara hiyo.

Duka lilikaa mbele, familia nyuma au ghorofani. Baraza ilimkinga mteja na jua la saa saba, kisha mvua ya jioni, ambayo huku haibishi hodi. Fundi cherehani naye alipata pa kuketi bila kulipia chumba.

Ukipita, tazama pia mnara wa saa uliozinduliwa 1938 kumkumbuka mfanyabiashara Kassim Lakha. Watu huutumia kupangia miadi tu, hata maandishi yake hawayasomi!

Kinachoniudhi mimi ni wenye nyumba wanaoziba baraza kwa vioo wapate chumba cha kupangisha. Mvua ikija, mpita njia ajibanze wapi?