Bata mzinga mzima kwenye jiko la mkaa: kwa wanaoanza kupikia watu

Ukipokea oda ya bata mzinga mzima, viungo viache kwanza. Uliza ni jike au dume, na ana umri gani. Wengi tunaowanunua pembezoni mwa Mwanza, Kisesa au Buhongwa, wamekulia uani wakijitafutia, na dume aliyezeeka atakusumbua hata ukimpika kutwa. Mimi huchagua jike mchanga wa kilo 4 au 5 akishasafishwa, kwa sababu anaenea kwenye sufuria kubwa ya kawaida bila kukunjwa.

Anayechinjwa asubuhi asile tangu jioni, ila maji apewe. Maji ya kunyonyolea yasichemke. Nyuzi 60 hadi 65 zinatosha, kwa dakika moja hivi. Yakizidi hapo ngozi inaiva na kuchanika pamoja na manyoya, na bata mwenye ngozi iliyochanika hafai kuwekwa mezani akiwa mzima.

Sasa miguu. Kwenye mguu wa bata mzinga kuna mishipa myeupe, migumu kama njiti, ambayo haiivi hata ufanyeje. Kata ngozi kuzunguka kifundo bila kuigusa mishipa, vunja mfupa, kisha mwenzako ashike paja wewe uvute wayo kwa nguvu. Mishipa inatoka nao. Itakayobaki ichomoe mmoja mmoja kwa koleo. Wapishi wengi wanairuka kazi hii, halafu mgeni anakaa anatoa vijiti mdomoni.

Chumvi ipakwe siku moja kabla: kijiko kimoja cha chakula kwa kila kilo 2. Ingiza vidole chini ya ngozi ya kidari na uisambaze humo pamoja na kitunguu saumu na tangawizi. Mlaze kwenye friji bila kumfunika, ngozi ikauke, na nyama mbichi nyingine ikae mbali naye. Ndimu usimlowekee usiku kucha, inaharibu nyama ya juu. Weka vipande tumboni wakati wa kupika.

Shida ya ndege huyu ni moja: kidari kinawahi kukauka, paja linachelewa kulainika. Hapo ndipo ninapoupenda mkaa kuliko oveni, kwa kuwa unachagua mwenyewe joto litoke wapi. Tandika vitunguu na viazi vinene ndani ya sufuria, chini kabisa, mimina kikombe cha maji, mlaze chali ili mapaja yawe karibu na moto. Makaa mengi yawe chini, machache juu ya mfuniko. Nusu saa ya mwisho geuza: punguza ya chini, panga ya juu, kidari kipate rangi. Wa kilo 4 au 5 huchukua karibu saa tatu, lakini mkaa hautabiriki, kwa hiyo saa isikuamulie.

Kinachoamua ni kipimajoto. Nunua, hata kama ni kwa faida ya oda ya kwanza. Choma sehemu nene ya kidari na ndani ya paja bila kugusa mfupa: kidari kifike nyuzi 74, paja nalipeleka mpaka 80. Ukikijaribu kwenye maji yanayochemka kikasoma 96, usikirudishe dukani. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kabla ya kufika 100.

Wateja huomba pilau ndani ya tumbo. Nakataa kwa upole. Joto linafika tumboni mwisho kabisa, na ukisubiri wali ule uwe salama kidari kimeshakauka. Chemsha shingo na firigisi, na supu yake ndiyo ipikie pilau pembeni.

Akiiva, mwache dakika 30 kabla ya kisu. Ng'oa miguu kwanza, kisha toa kila upande wa kidari mzimamzima na ukate vipande kukatiza nyuzi za nyama. Kinachobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na umeme ukiwa umekatika, kigawe kiliwe siku hiyohiyo.