Marufuku Kuapa: Jinsi ya Kucheza Mafia na Ndugu Zako

Mafia haihitaji kete, ubao wala chaji ya simu. Inatosha kuwa na watu kumi hivi, karata za kawaida, na mmoja wenu anayejua kusimulia. Sisi huicheza kila Desemba tukienda kuhesabiwa Moshi, yaani kukusanyika na ukoo nyumbani, usiku, vyombo vikishaoshwa. Wachezaji ni kuanzia mpwa wa darasa la sita hadi shangazi aliyestaafu ualimu. Ushauri wangu ni kwa kikao cha namna hiyo, kwa sababu maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kana kwamba wachezaji wote ni rika moja na hakuna anayemwamkia mwenzake shikamoo.

Kwa ufupi mchezo uko hivi. Kila mtu anapewa karata kwa siri. Wawili ni majambazi, waliobaki ni raia, na kati ya raia hao mmoja ni mpelelezi na mwingine daktari. Usiku wote mnafumba macho. Majambazi wanafumbua, wananyoosha kidole kwa wa kuuawa, wanafumba tena. Mpelelezi anafumbua, anaonyesha mtu mmoja, na msimulizi anamjibu kwa kichwa kama ni jambazi au siye. Daktari naye anachagua wa kumlinda. Akimpatia aliyelengwa, hakuna anayekufa. Kukicha msimulizi anatangaza msiba, mnabishana, mnapiga kura, na mwenye kura nyingi anatolewa na karata yake inafunuliwa. Raia wanashinda majambazi wakiisha. Majambazi wanashinda wakifikia idadi sawa na raia waliobaki. Kwa karata, sisi tunatumia shupaza mbili kwa majambazi, ree ya uru kwa mpelelezi, ree ya kopa kwa daktari, na kopa nyingine kwa raia wa kawaida.

Aliyeubuni ni Dmitry Davidoff, mwaka 1986, akiwa mwanafunzi wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Moscow. Wazo lake ni lile lile hadi leo: wachache wanaojua ukweli wapambane na wengi wasioujua. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin akawageuza majambazi kuwa watu wanaobadilika mbwa mwitu usiku, na Among Us, mchezo wa kwenye simu na kompyuta uliotoka 2018 ukavuma 2020 watu walipofungiwa ndani, unatumia wazo hilo hilo. Ukiwa na wapwa, anzia hapo. Waambie ni Among Us bila simu, na wao ndio watakaowaelewesha wazee.

Wapo wanaoita wabaya wa mchezo huu wachawi. Mimi nakataa. Kumwita bibi mchawi mbele ya ukoo mzima, hata kwa utani, si jambo dogo katika nchi ambayo wazee wameuawa kwa tuhuma hiyo. Jambazi anatosha, na hakuna anayekwenda kulala na kinyongo.

Sasa kanuni ambayo sijaiona ikiandikwa popote, na ambayo kwetu ndiyo ya kwanza: marufuku kuapa. Siku ya kwanza tu utamsikia mtu akisema haki ya Mungu mimi ni raia, na wa pili yake wallahi simo. Hapo mchezo umekwisha. Mcha Mungu akipata karata ya jambazi hawezi kuapa uongo, kwa hiyo ukimya wake unamfichua. Asiyejali anaapa na kupona. Mnabaki kupima uchaji wa watu badala ya maneno yao. Kabla ya kugawa karata, msimulizi atangaze kwamba kiapo cha aina yoyote, cha Mungu, cha mama mzazi au cha marehemu babu, kinamtoa aliyeapa papo hapo. Na wale wanaoona kudanganya ndani ya mchezo ni dhambi, msiwasukume. Wapeni kazi ya usimulizi. Msimulizi hasemi uongo hata mara moja, na kwa kawaida watu hao wanaifanya vizuri.

Tatizo la pili la kifamilia ni heshima. Baba mkubwa akisema "mimi naona ni huyu kijana", wadogo wote wananyoosha mikono kumfuata, hata kama yeye mwenyewe ndiye jambazi. Nimewahi kumsikia binamu akisema, "Shangazi, samahani sana, sikukosei adabu, lakini nadhani umeua," kisha kura ilipofika akampigia mtu mwingine. Dawa yake si kura ya siri, maana kura ya siri inaharibu ushahidi wote. Pigeni kura kwa mpigo mmoja: msimulizi anahesabu moja, mbili, tatu, na kila mtu ananyoosha kidole wakati ule ule. Hakuna anayepata nafasi ya kumtazama mkubwa kwanza, na bado kila mtu ameona nani kamnyooshea nani.

Kura hizo ndizo ninazotaka uzishike kuliko kitu kingine. Wachezaji wapya wanapoteza usiku mzima wakitazama nyuso: huyu kacheka, yule anatoka jasho, huyu leo mbona kimya. Mjomba wangu mmoja anatoka jasho hata akila ndizi. Uso hauthibitishi chochote, lakini kura haifutiki. Jambazi wa kwanza akishafunuliwa, rudini nyuma mara moja muulizane: jana alipokaribia kutolewa, nani aligeuza mazungumzo? Nani alileta jina jipya dakika ya mwisho? Nani amekaa raundi mbili akipigia kura watu ambao hawakuwa na hatari yoyote? Mimi huandika kwenye kipande cha karatasi, jina na kidole chake kilikoelekea. Wananicheka, lakini wakibaki watano karatasi hiyo wanaiomba.

Kwa sababu hiyo raia mkimya ni mzigo kwa wenzake. Ukiwa raia, sema unamshuku nani na kwa nini, hata kama unabahatisha, ili kesho uwe na la kuulizwa. Majambazi wanapenda sana siku inayopita kwa watu kusema "mimi sijui, tuone".

Kuhusu idadi, shikeni kalamu. Tuseme usiku wa kwanza hakuna anayeuawa, majambazi wanafahamiana tu (nashauri hivyo, kwa sababu kumtoa bibi kabla hajatamka neno ni kumkosea). Tuseme pia hakuna mpelelezi wala daktari, na raia wanapiga kura kwa kubahatisha tu. Wachezaji tisa wenye majambazi wawili, raia wanashinda karibu mara 30 katika 100. Ongeza raia mmoja wawe kumi, na badala ya kupanda, nafasi yao inashuka hadi kama 22. Mkiwa tisa mnapiga kura mkiwa tisa, saba, watano na watatu. Mkiwa kumi mnapiga mkiwa kumi, wanane, sita na wanne. Nafasi za kupiga kura ni nne zile zile, ila kila mara kuna mtu mmoja zaidi asiye na hatia wa kumsingizia. Kwa hiyo kura ya kwanza ipigwe idadi ikiwa witiri. Mkijikuta kumi, wa kumi awe msimulizi.

Usiku una siri moja ambayo watu hawaizungumzii: masikio. Aliyekaa kwenye kochi moja na jambazi anasikia kochi likilia. Wote mpige mapaja taratibu muda wote macho yakiwa yamefumbwa, na msimulizi azunguke chumba bila kusimama, sauti yake isielekee upande mmoja. Mpelelezi akifa na karata yake haijaonekana, msimulizi aendelee kumwita kila usiku na kusubiri muda ule ule, la sivyo asipoitwa wote watajua kuwa aliyekufa ndiye mpelelezi.

Ukiwa mpelelezi, usijitangaze kwa kuwa tu umegundua raia wema wawili. Subiri umpate jambazi, kisha kesho yake sema wazi. Pengine utauawa usiku unaofuata, lakini mmoja kwa mmoja ni biashara nzuri kwa raia. Jambazi anaweza kukupinga na kudai yeye ndiye mpelelezi. Msihangaike: mmoja wenu ni mwongo, na mkiwa bado wengi mnaweza kuwatoa wote wawili kwa siku mbili na bado mmeondoa jambazi.

Na ukiwa jambazi? Kosea. Raia wa kweli hushuku watu wasio na hatia kila siku, kwa hiyo anayepatia mno au asiyemshuku mtu anaonekana haraka. Mwenzako akishaelemewa na kura, usimtetee, mnyooshee kidole na wewe, mapema, usiwe wa mwisho. Usiku usimuue yule ambaye kijiji kizima kinamshuku. Huyo ni mali yako, mwache awapotezee kura nyingine kesho.

Mjadala wa mchana usizidi dakika tano, simu iwekwe kengele. Waliokufa hawasemi, hawakohoi kwa maana, na hawacheki karata zikitajwa. Mtoto akifa mapema ataanza kusinzia au kufichua siri, kwa hiyo sisi wa kwanza kufa anahamia karibu na msimulizi, anafumbua macho usiku na kuona kila kitu, na mchezo unaofuata yeye ndiye anayesimulia. Mwaka jana mpwa wangu wa darasa la sita alifanya kila njia auawe kwanza, na sasa tunabishana kama hiyo ihesabiwe kuwa ni kucheza.