Maswali na Majibu ya Netiboli: Urefu Haufungi Wenyewe

Maswali mengi safari hii yanahusu Loughborough Lightning, timu ya chuo kikuu kwenye Netball Super League, ligi kuu ya wanawake kule Uingereza, ambayo mashabiki wa Afrika Mashariki wameifanya ya kwao tangu Peace Proscovia wa Uganda alipokwenda kufunga pale, na baada yake Mary Cholhok. Yale ya "nani mkali kati ya fulani na fulani" nimeyaacha. Hayo pelekeni kijiweni.

Lightning walikuwa mabingwa 2023 na 2024. Mwaka 2025 walikwama wapi? (Msomaji, Mwanza)

Walikwama fainali, na kufika fainali si aibu. Tarehe 6 Julai 2025, kwenye ukumbi wa O2 jijini London, London Pulse waliwafunga 53-45 na kubeba ubingwa wao wa kwanza. Ukitaka kujua kilichotokea, weka fainali mbili sambamba. Mwaka 2024 Lightning waliichapa Manchester Thunder 70-54. Mwaka mmoja baadaye, tena msimu ambao ligi imeruhusu goli la pointi mbili (nalieleza chini), wakaambulia 45. Gawa kwa robo nne: 11 na ushee kwa kila dakika 15. Hakuna timu inayotetea kombe kwa 11.

Najua mnataka jina la mfungaji wa kulaumiwa. Silitoi. Mfungaji hapigi mpira asiopewa. Timu ikipata 45, kwanza uliza mipira ilifia wapi kabla ya kufika kwenye nusu duara la kufungia, ndipo uje kwenye pete.

Na wapeni Pulse haki yao. Waliingia ligi mwaka 2019, mwaka 2023 wakapoteza fainali mbele ya Lightning hawa hawa, na hawakuvunja timu. Chini ya Sam Bird waliendelea kulea watoto wao wenyewe. Funmi Fadoju, mlinzi aliyekwenda na England Kombe la Dunia 2023, amekulia kwenye mfumo huo. Kwetu timu ikipoteza fainali, kocha anatimuliwa kabla basi halijafika nyumbani, halafu msimu mpya tunashangaa kwa nini wachezaji hawaelewani.

Pete ina urefu gani na ubao wake uko wapi? (Iringa)

Mita 3.05. Ubao haupo, haujawahi kuwepo. Umeuliza tena, nimejibu tena, na pete haijapanda.

Tuseme ukweli: Cholhok anafunga kwa sababu ni mrefu tu. Ukimpa mtu yeyote wa mita mbili si atafanya hivyo hivyo? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Na hili swali linanichosha, kwa sababu ndilo linalofanya makocha wetu wa shule wampange binti mrefu GS, yaani mfungaji mkuu, wamwambie "simama hapo", kisha wamwache asimame miaka minne.

Chukua mpira mmoja tu wa GS mrefu. Mlinzi, GK, yuko mgongoni na anataka kumtoa mbele ya pete. Mfungaji anashusha kiuno kidogo, anapanua miguu, na kumshikilia GK nyuma kwa mgongo na nyonga, bila kusukuma, kwa sababu akisukuma filimbi inalia. Mkono mmoja unakwenda juu kuonyesha anautaka mpira wapi. WA, yaani mshambuliaji wa pembeni, au kiungo, akiwa ukingoni mwa nusu duara, ana sekunde tatu tu tangu aushike mpira. Lazima aupandishe juu ya vidole vya GD, mlinzi mwenzake GK, anayeruka mbele yake, uanguke kwenye kiganja ambacho GK hakifikii. Mfungaji anaruka, anaudaka, na kutua akijua mguu uliotangulia kugusa chini ni upi, maana akiuinua na kuurudisha kabla mpira haujamtoka, ametembea, na hilo ni kosa. Sasa GK anarudi umbali wa futi tatu na kunyoosha mkono juu ya mpira. Hapo ndipo anapiga.

Urefu umesaidia sehemu ya kudaka. Yaliyobaki ni mazoezi, na nusu yake ni ya mtu mwingine kabisa, yule mtoa pasi ambaye hamumuulizii kamwe. Cholhok alipokuwa akibeba makombe Lightning, waliomlisha walikuwa wanajua kiganja chake kilipo wakiwa wamefumba macho. Mpeleke GS huyo huyo kwenye timu ambayo kiungo wake hajui kupandisha pasi ya juu, uone kama urefu utafunga.

Netiboli si basketi ya wanawake isiyo na kudunda? (Msomaji, Dar es Salaam)

Si.

Ligi ile ina timu ngapi na kila timu inacheza mechi ngapi? (Bukoba)

Msimu wa 2025 timu zilikuwa nane: Lightning, Pulse, Thunder, Leeds Rhinos, Cardiff Dragons, London Mavericks, Birmingham Panthers na Nottingham Forest. Nyumbani na ugenini, mechi 14 kila mmoja, halafu mtoano kuelekea fainali. Ilianza Machi, ikaisha Julai.

Umeuliza namba tu lakini nitaongeza la kwangu. Mechi 14 zilizosambazwa kwa miezi ndizo zinazomtengeneza mchezaji. Anacheza Jumamosi, Jumatatu anatazama video ya makosa yake, Jumatano anayafanyia kazi, Jumamosi anakutana na mlinzi wa aina nyingine. Sisi tunakusanya timu kituo kimoja na kuita hiyo ligi. Mechi asubuhi, nyingine jioni, sakafu ya saruji, kifundo kimefungwa bandeji, siku kumi zimekwisha na bingwa amepatikana. Kosa alilofanya GD siku ya pili hakuna aliyepata nafasi ya kulisahihisha, kwa sababu siku ya tatu alikuwa uwanjani tena. Halafu kila mtu anarudi kwenye mkoa wake na kusubiri mwaka mwingine. Timu za majeshi na taasisi, JKT Mbweni, Uhamiaji na wenzao, zinajitahidi kuwaweka wachezaji kazini na mazoezini, nazipongeza. Ila mazoezi bila mechi za kila wiki yana mwisho wake. Nimelisema hili mpaka wahariri wamechoka, na nitaendelea kulisema.

Goli la pointi mbili limeharibu mchezo. Unakubali? (Msomaji, Morogoro)

Nusu nakubali. Kanuni hii ilizaliwa Australia, kwenye ligi kuu ya huko, Super Netball, mwaka 2020. Ilitangazwa wiki chache kabla ya msimu kuanza, na wachezaji wakalalamika kwamba hawakuulizwa. Dakika tano za mwisho za kila robo, goli lililofungwa kutoka eneo la nje ndani ya nusu duara, ukanda wa mita 1.9, linahesabiwa mbili. Uingereza wakaichukua msimu wa 2025.

Hofu ilikuwa kwamba mfungaji mrefu anayekaa chini ya pete angekwisha. Hakuisha. Jhaniele Fowler wa Jamaika, anayefunga karibu na nguzo kuliko mtu yeyote, aliibebesha West Coast Fever ubingwa wa Australia mwaka 2022, wakiwafunga Melbourne Vixens 70-59. Kumbe goli moja la uhakika kila shambulizi bado ni hesabu nzuri kuliko kubahatisha mbili.

Ninachokichukia ni kingine. Timu iliyojenga uongozi wa pointi nne kwa dakika kumi za ulinzi wa maana inaweza kuupoteza kwa mapigo mawili. Televisheni inafurahi, mimi sifurahi sana. Na onyo kwa makocha wa vijana, ambao najua tayari wamechora huo mstari kwa chaki: Kombe la Dunia halitumii kanuni hii, wala Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mfundishe mtoto kwanza kufunga akiwa karibu, asikose.

Team Bath ilikuwa timu kubwa. Ilishuka daraja lini? (Msomaji, Nairobi)

Haikushuka. Ligi ile haina kupanda wala kushuka, ina leseni. Ilipopangwa upya kwa ajili ya 2025, Team Bath, bingwa mara tano, hawakuwemo kwenye orodha ya nane. Surrey Storm, Severn Stars na Strathclyde Sirens nao wakatoka. Kabla yao, Wasps, mabingwa wa 2017 na 2018, walitoweka bila kufungwa na mtu: klabu mama ya raga iliingia ufilisi mwaka 2022 na timu ya netiboli ikaondoka nayo.

Kwa hiyo mnaoniandikia kwamba dawa ya netiboli yetu ni kuzikabidhi timu kwa klabu kubwa za soka, someni habari ya Wasps kwanza. Mwenye nyumba akifilisika, mpangaji hulala nje hata kama kodi kalipa.

Wanalipwa kiasi gani? (wengi mno)

Mnauliza kana kwamba mnataka kuazima. Inategemea ligi na mkataba, na Australia ndiyo yenye fedha zaidi. Uingereza wachezaji wengi bado wana kazi au masomo pembeni.

Lakini hata kwenye fedha hakuna usalama. Oktoba 2022 kampuni ya madini ya Hancock Prospecting ilijiondoa kwenye udhamini wa dola za Australia milioni 15 kwa shirikisho la huko, baada ya mvutano kuhusu nembo yake kwenye jezi ya mchezaji mwenye asili ya wenyeji wa nchi hiyo. Mwaka uliofuata mikataba ya ligi ikaisha bila makubaliano mapya, na wachezaji wakakaa wiki kadhaa bila mshahara hadi Desemba 2023 walipoafikiana, wakapata na mgawo wa mapato. Waliwezaje kuvumilia? Walikuwa na chama chao cha wachezaji, na kila nyota alisimama upande mmoja na mchezaji wa benchi. Hapa kwetu mchezaji akidai posho ya safari, anamdai nani, na nani anasimama naye? Anaambiwa ana utovu wa nidhamu na jina linakatwa kwenye kikosi.

Uganda wametuzidi nini? Tulikuwa sawa nao zamani. (Msomaji, Dodoma)

"Zamani" ni neno zuri la kujifariji. She Cranes, timu ya taifa ya Uganda, walimaliza wa saba Kombe la Dunia 2019 kule Liverpool, na wa tano mwaka 2023 Cape Town, mbele ya wenyeji Afrika Kusini waliomaliza wa sita. Walioshika nafasi nne za juu ni Australia, England, Jamaika na New Zealand. Yaani Afrika nzima hakuna aliyekuwa juu yao.

Hawakupata maji ya uchawi. Proscovia alitoka akaenda Loughborough, baadaye akaenda Australia kuchezea Sunshine Coast Lightning. Cholhok akafuata njia ya Uingereza. Kila mmoja alirudi kambini akiwa amekabwa mwaka mzima na walinzi wale wale anaokutana nao Kombe la Dunia, kwa hiyo kwake England si jina la kutisha, ni watu wa kazini. Malawi walifanya hivyo hivyo na Mwai Kumwenda aliyekuwa Melbourne Vixens, na Joyce Mvula aliyekwenda Manchester Thunder.

Sisi tunasubiri Taifa Queens waitwe kambini mwezi mmoja kabla ya mashindano, tukikosa hela ya kambi tunasema tutajipanga. Kombe la Dunia lijalo ni 2027, Sydney. Hesabuni wenyewe.

Wanaume wanaruhusiwa? (Tanga)

Ndiyo, wapo, Australia na New Zealand wana timu za wanaume za taifa. Ligi tunayoizungumzia hapa ni ya wanawake.

Binti yangu ana miaka 17, anacheza GD. Kuna mtu kwenye WhatsApp anasema ni wakala, anaweza kumpeleka ligi ya Uingereza, anaomba ada ya kufungua faili. Nimlipe? (Mama, Tabora)

Usimlipe, hata senti. Mama, wewe umeuliza. Walio wengi huniandikia hela ikishakwenda.

Mchezaji wa kigeni haendi kule kwa faili la wakala. Klabu yenyewe ndiyo inayomtaka, inamwandikia, na chama cha netiboli cha nchi hiyo kinathibitisha kwamba kiwango chake kinastahili kabla mambo ya viza hayajaanza. Kiwango hicho kwa kawaida ni cha mchezaji wa timu ya taifa. Angalia waliokwenda: Proscovia, Cholhok, Kumwenda, Mvula, wote walikuwa wameshavaa jezi za nchi zao. Mtu anayemwona binti wa miaka 17 kwenye picha tatu za simu na kumwahidi ligi hiyo hajui netiboli. Anajua M-Pesa.

Mwambie akutajie klabu, kisha wewe mwenyewe uiandikie klabu hiyo kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yao. Peleka nakala ya ujumbe wake kwa chama cha netiboli cha mkoa wako na polisi, maana hawezi kuwa amekuandikia wewe peke yako.

Kama binti ana uwezo, mrekodi mechi nzima, robo zote nne, si vipande vya kupendeza, na mpelekee mwalimu au kocha aliyewahi kuwa na Taifa Queens amtazame. GD anapimwa kwa mipira anayoinyakua na kwa anavyosogeza miguu mpira ukiwa upande wa pili. Na asiache shule. Lightning ni timu ya chuo kikuu. Pale cheti cha kidato nacho kinafungua mlango.