Skrini imeganda, muziki unaendelea

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina steshenari Sinza, Dar. Natumia kompyuta ya mezani ya mtumba, nimeiwekea Ubuntu 22.04, na ina kadi ya michoro ya Nvidia GT 710. Mara mbili tatu kwa siku, zaidi mchana, skrini inaganda. Mshale hausogei, nikibonyeza kibodi hakuna kitu, ila muziki niliouweka unaendelea kupiga. Nazima kwa swichi na kazi ya mteja inapotea. Fundi wa jirani anasema Linux ndivyo ilivyo, nipige Windows. Nifanyeje?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Usipige chochote kwanza. Dalili kubwa umeitaja mwenyewe: muziki unaendelea. Maana yake kompyuta iko hai, aliyezimia ni yule anayechora skrini. Ingekuwa RAM mbovu au pawa saplai imechoka, mara nyingi na muziki ungekatika, au ungerudia kipande kilekile kama santuri iliyokwaruzika.

Kwa hiyo swichi uiache. Ikiganda tena, bonyeza Caps Lock utazame kitaa chake. Kikiwaka na kuzima, kerneli, yaani kiini cha mfumo, bado inakusikia. Kisha bonyeza Ctrl+Alt+F3 na usubiri, hata dakika nzima. Ukipata skrini nyeusi inayoomba jina, ingia, halafu andika:

sudo systemctl restart gdm3

Hapo unarudi kwenye ukurasa wa kuingilia bila kuzima mashine. Programu zilizokuwa wazi zitafungwa, sikufichi, lakini diski haijakatwa katikati ya kuandika.

Skrini nyeusi isipotokea, ingia kwenye kompyuta kwa simu, uandike amri ileile. Hili uliandae leo, kabla haijaganda: kwenye kompyuta weka openssh-server (inaruhusu kuingia kutoka mbali), kwenye simu weka Termux (dirisha la kuandika amri), na vyote viwe kwenye Wi-Fi moja. Na simu ikigoma, shikilia Alt na PrtSc kwa pamoja, ukibonyeza S, kisha U, kisha B, taratibu, sekunde chache kati ya moja na nyingine. Mitandaoni utaona wanaandika herufi sita, REISUB. Kwenye Ubuntu tatu za mwanzo zimefungwa tangu kiwandani, ndiyo maana watu wanasema haifanyi kazi. Hizo tatu za mwisho zinatosha: zinahifadhi data kwenye diski, zinaifunga, zinawasha upya.

Mashine ikishawaka upya, fungua Terminal, dirisha la kuandika amri, usome iliandika nini kabla ya kuzimia:

journalctl -k -b -1

Bonyeza G kubwa ufike mwisho. Ukiona neno nouveau likifuatana na SCHED_ERROR au timeout, mshukiwa ni draiva, yaani programu inayoendesha kadi. Nouveau ndiyo inayokuja na Ubuntu yenyewe, imeandikwa zaidi na watu wa nje ya Nvidia, nyaraka nyingi za kadi wakiwa hawana; wamejitahidi sana, lakini kwa mtu wa kazi za wateja mimi siitegemei. Ukiona Out of memory, kadi haina kosa, RAM imejaa, punguza vichupo vya kivinjari. Na ukiona nvidia, Xid 79, ujue kadi imepotea kabisa kwenye mfumo: joto, umeme au kukaa vibaya kwenye sloti yake.

Nakisia kwako ni nouveau. Jaribio la bure: unapoingia, kabla ya kuandika nywila, bofya kile kigurudumu pembeni chini kulia, uchague Ubuntu on Xorg, njia ya zamani ya kuchora skrini. Fanya kazi siku mbili hivyo. Bado ikiganda, andika ubuntu-drivers devices kwenye Terminal uone draiva ya Nvidia unayopendekezewa, uiweke. GT 710 nyingi zinaishia toleo la 470, kwa hiyo usishawishike na namba kubwa zaidi. Andaa bando, ni mamia ya megabaiti. Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka) ikiwa imewashwa utaombwa kutunga nywila, na ukiwasha upya itakuja skrini ya bluu: chagua Enroll MOK, uiandike nywila ileile. Wengi huipita skrini hiyo kwa haraka, halafu wanasema draiva imekataa.

Sasa hilo la "zaidi mchana". GT 710 nyingi hazina feni, zina bapa la alumini tu, na kwa joto la Dar zinategemea hewa ipite ndani ya boksi. Niliwahi kufungua moja iliyokuwa imekaa ubavuni mwa mashine ya fotokopi: vumbi la karatasi na wino wa unga vilishikana na unyevu vikawa ukoko kama wa wali, nikaubandua kwa bisibisi. Basi kama yako iko karibu na fotokopi, ihamishe. Chomoa waya wa umeme, itoe nje, fungua ubavu, ipulize kwa blowa huku umeshikilia feni ya prosesa kwa kidole isizunguke. Na ufunge pua, ule unga si wa kuvuta.