Uvimbe wa ubongo: jina lake kwanza, dawa baadaye

Barua za safari hii zimetoka Tabora na Kigoma, na nyingi zinauliza kuhusu dawa zinazozuia vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kemikali ndani ya seli.

Kimeng'enya cha seli ya saratani kikizuiwa, seli inakufa? (Ipuli, Tabora)

Mara nyingi haifi. Hugawanyika polepole, au hushindwa kupenya tishu za jirani, au hubadili kile inachokitoa nje. Inategemea ni kimeng'enya kipi.

Nimesoma kwamba seli za uvimbe wa ubongo huwasiliana. Kwa njia gani, na dawa inaweza kuyakata mawasiliano hayo? (Kasulu)

Swali zuri. Kwanza, seli hutoa vifuko vidogo mno vilivyobeba protini na vipande vya RNA (nakala za maagizo ya jeni), na seli inayovipokea hubadilika: mishipa ya damu huchipua, askari wa kinga hulegea. Pili, kuna mirija myembamba inayounganisha seli za uvimbe. Watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, waliieleza mwaka 2015, na walionyesha kuwa inausaidia uvimbe kustahimili mionzi. Tatu, mwaka 2019 ilithibitishwa kuwa seli za glioma, uvimbe unaoanzia kwenye seli zinazozitegemeza neva, huungana na neva zenyewe kwa sinapsi (viungo vya kupitishia ishara), na umeme wa neva ukazichochea kukua.

Sasa vizuizi. Vimeng'enya vya PAD, vinavyogeuza kijenzi kimoja cha protini, arginini, kuwa kingine, sitrulini, vinahusika na utoaji wa vifuko hivyo. Seli za glioblastoma (glioma kali kuliko zote) za aina mbili, LN18 na LN229, zilipowekewa vizuizi vya PAD maabara, mzigo wa vifuko ulibadilika na uwezo wa kuvamia ukapungua. Lakini aina hizo mbili hazikuitikia sawasawa, ingawa zote ni glioblastoma. Tafadhali ishike hiyo. Isitoshe, zile ni seli za kwenye sahani. Ndani ya kichwa cha mtu kuna ukuta kati ya damu na ubongo ambao dawa nyingi haziuvuki.

Shikamoo daktari. Mnadani kuna unga wa mizizi, kwenye kopo wameandika "huzuia vimeng'enya vya saratani zote". Kaka yangu ana uvimbe kichwani, nimnunulie? (Urambo)

Marahaba. Usinunue. Swali hili linarudi kila mara, na kila mara muulizaji hajui uvimbe wa ndugu yake unaitwaje. Uvimbe upi, kimeng'enya kipi, kipimo kipi? Kopo halisemi. Hata dawa zilizotengenezwa kwa uangalifu zimeshindwa. Marimastati ilizuia vimeng'enya vya MMP, ambavyo seli huvitumia kumeng'enya njia ya kupenya. Maabara ilileta matumaini makubwa. Kwa wagonjwa wa glioblastoma haikurefusha maisha, na wengi iliwaachia maumivu ya viungo.

Kuna jambo hukuuliza, nalo linaweza kuua. Kama kaka anameza deksamethasoni, dawa ya kutuliza kuvimba kwa ubongo, asiiache ghafla ili "kupisha" dawa ya mizizi. Ubongo unaweza kuvimba upya, na mwili uliozoea dawa hiyo hauwezi kujitengenezea homoni yake mara moja. Kuipunguza ni kazi ya daktari.

Kuna dawa ya kuzuia vimeng'enya vya uvimbe wa ubongo iliyokwisha kuthibitishwa? (Nzega)

Ipo. Vorasidenibu iliidhinishwa Marekani Agosti 2024 kwa astrositoma na oligodendroglioma (aina mbili za glioma) za daraja la 2, zinazokua polepole, zenye mabadiliko ya jeni la IDH1 au IDH2, yanayotengeneza kimeng'enya. Kimeng'enya hicho kikiharibika huzalisha 2-HG, kemikali inayovuruga usomaji wa jeni, na dawa hukizuia. Katika jaribio la wagonjwa 331, waliopewa dawa walikaa kwa wastani wa kati (nusu yao walipita hapo) miezi 27.7 kabla ugonjwa kusonga mbele au kifo, dhidi ya 11.1 kwa wenzao wa kidonge kisicho na dawa. Mwenye uvimbe usio na mabadiliko hayo haimhusu kabisa.

Uvimbe wa ubongo huambukiza? (Ujiji)

Hapana. Kula naye, lala naye chumba kimoja.

Mama anatumia fenitoini kwa degedege la uvimbe, sasa ameanzishiwa dawa za kifua kikuu. Anayumba na macho yanachezacheza. Ni uvimbe umekua? (Mwandiga, Kigoma)

Huenda ni dawa. Izoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja fenitoini, nayo hujazana kwenye damu. Mpeleke hospitali leo na vidonge vyote mkononi, wala usikatishe chochote mwenyewe. Fenitoini nayo huliharakisha ini kuvunja deksamethasoni, kwa hiyo anayeandika dawa lazima aone orodha nzima.

Tumepewa rufaa kutoka hospitali ya Kitete, Tabora, kwenda Bugando, Mwanza. Tubebe nini? (Sikonge)

CD ya picha za kichwa, si karatasi ya maelezo peke yake. Dawa zote kwenye vifungashio vyake. Kama kinyama (kipande cha uvimbe cha kupimwa) kilikwisha kukatwa, beba majibu ya maabara na uulize kama kile kinyama chenyewe kimehifadhiwa, maana vipimo vya jeni hufanyika juu yake.