Mashabiki wa hoki timu inaposhuka

Umeuliza kama mashabiki wa hoki ya barafuni hubaki timu bingwa ikianza kufungwa ovyo. Wengine hubaki, wengine hutoweka, na tofauti kubwa ni jinsi walivyoingia katika ushabiki.

Tazama Chicago Blackhawks, timu ya hoki ya Marekani. Kabla ya 2007 viti vingi vilikuwa vitupu, na mwenye timu alikataza mechi za nyumbani zisionyeshwe kwenye televisheni ya mji wake mwenyewe! Mtu atampendaje asiyemwona? Mwanawe aliporithi akaruhusu, timu ikatwaa Kombe la Stanley, taji kuu la hoki Amerika Kaskazini, 2010, 2013 na 2015, na uwanja ukafurika kwa miaka. Iliposhuka, mfululizo wa kujaza uwanja ulikatika 2021. Waliofuata makombe waliondoka.

Toronto, Kanada, nako timu ya Maple Leafs haijachukua kombe hilo tangu 1967, na bado tiketi zinagombaniwa. Pale ushabiki unarithishwa, mtoto anavishwa jezi kabla hajajua kutembea. Huyo hahesabu makombe.

Binafsi simlaumu anayeacha kununua tiketi, ni ghali. Kutokwenda uwanjani si kuihama timu. Wengi wanaendelea kuumia nayo wakiwa nyumbani.